Mpapai wa Nyuma ya Bafu

Juzi mvua ilinikuta nimekaa barazani, na sikuinuka. Iligonga bati, ikajaa kwenye mfereji, ikapungua, ikaisha. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Mke wangu alinitazama kama mtu anayemtazama jogoo aliyesahau kuwika. "Huendi kupima?" akauliza. Nikamwambia yupo kijana mwenye mgongo mzima anayeipima sasa. Ninyi mliobaki kazini mtanielewa siku yenu ikifika: ni raha kubwa kusikia mvua ikinyesha na isikuhusu.

Mmeniomba niwaandikie niliyoyaona tangu nilipoingia kazini hadi mwaka huu, miaka ya tisini inapoishia. Nimekubali, ila vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilifika kituo cha hali ya hewa cha Shinyanga nikiwa kijana wa Kahama mwenye viatu vipya. Nilitarajia kukabidhiwa mashine. Mzee Maganga, aliyekuwa mpimaji mkuu, alinikabidhi fyekeo. "Nyasi zikirefuka," alisema, "kipimajoto kinapima nyasi." Basi nilifyeka mpaka viganja vikatoka malengelenge, na viatu vikawa vya zamani siku ileile. Ndipo akanionyesha vifaa, kimoja kimoja, kama mtu anayekutambulisha kwa wakwe.

Kilikuwepo kibanda cheupe chenye miguu, kuta zake mbao zilizopangwa mshazari ili hewa ipite na jua lisipite, na vipimajoto ndani yake. Lilikuwepo tufe la kioo lililokusanya jua na kuchoma mstari kwenye kadi. Siku ya mawingu kadi ilibaki safi. Na kilikuwepo kipimamvua, mtungi wa shaba uliochimbiwa ardhini, mdomo wake mpana kiasi cha sahani, ndani una faneli na chupa. Saa tatu asubuhi unatoa chupa, unamimina maji kwenye bilauri ya kioo yenye mistari, unainama mpaka jicho liwe sawa na maji, unasoma, unamwaga. Likumbukeni hilo neno la mwisho, nitalirudia.

Mzee Maganga hakupenda uso wa mtu usogee karibu na kipimajoto. "Ukikipumulia," alikuwa akisema, "umepima pumzi zako na ugali uliokula." Lakini agizo lake gumu zaidi halikuhusu vifaa. Alisema mtu akikuuliza kama mvua itanyesha usimjibu haraka, na usimwache aondoke bila jibu. Nilidhani ni mambo mawili yanayopingana. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba ndiyo kazi yenyewe.

Watu wa Shinyanga wana bwana shamba na bwana afya, hivyo mimi wakaniita Bwana Mvua. Ni jina zuri mwaka wa neema. Mwaka wa ukame unatamani uitwe kitu kingine.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini tulipata kiangazi kilichokataa kuisha. Mahindi yalijikunja, pamba ikatoa vitumba vidogo kama vya mapambo, na wenye ng'ombe wakawa wanawapeleka malishoni mbali kuliko walivyozoea. Kila palipokuwa na kivuli palikuwa na ubishi juu ya joto. Ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa dukani kwa Bwana Hasmukh, aliyekuwa akiuza sepetu, misumari na karai. Yeye alizaliwa Shinyanga, baba yake alizaliwa Shinyanga, na Kisukuma alikijua vizuri kuliko mimi. Siku moja alirudi kutoka Mwanza na kipimajoto cha ukutani, akakipigilia misumari barazani chini ya bati, na kufikia alasiri mji mzima ulikuwa umesikia kwamba rekodi imevunjwa.

Nilipopita walinishika. "Bwana Mvua, kwa nini serikali inaficha joto? Redio imesema hivi, kipimo cha Hasmukh kinasema vile!" Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema ni miti tuliyoikata. Mwingine alisema ni wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu waliotoboa ardhi kwa maduara yao, yale mashimo marefu, mpaka joto la chini limepata mlango. Wa tatu alisema ni dhambi, akaitaja dhambi yenyewe, na bahati mbaya mhusika alikuwepo.

Sikubishana. Nilimwomba Hasmukh akibandue kipimajoto chake twende nacho kituoni, na nusu ya baraza ikatufuata. Tulikitundika ndani ya kibanda cheupe, tukasubiri tukila karanga. Kilishuka, kikashuka tena, kikatulia jirani kabisa na vya kwetu.

"Ala!" alisema Hasmukh. "Kumbe duka langu ndilo lenye homa."

Walicheka, naye akacheka, lakini nisingependa aondoke ameaibika. Nikamwambia joto lake si la uongo. Ni joto la chini ya bati, na wateja wake wanaishi chini ya bati, hawaishi ndani ya kibanda changu. Ila kama tunataka kujua dunia inabadilika au haibadiliki, kipimo cha siku moja hakitoshi, hata kiwe kizuri namna gani. Mtoto ukimsimamisha mlangoni mara moja utajua urefu wake. Kama anakua hutajua. Itabidi umsimamishe tena na tena, mlango uleule, bila viatu.

"Na huyu wetu anakua?" Hasmukh akauliza.

Sikumjibu haraka. Nilimwambia kwamba usiku wa Shinyanga haunipi tena baridi ile niliyoikuta, na kwamba wenzetu wa nchi nyingine wanasema hivyohivyo juu ya kwao. Nikamwambia nadhani anakua. Tangu siku hiyo Hasmukh akawa rafiki yangu, na kila lori lake lilipopeleka sepetu kwa wachimbaji, kiti cha mbele kilikuwa changu nikikihitaji.

Nilikihitaji mwaka uleule. Dereva wake alirudi kutoka njia ya Nyarugusu akaja moja kwa moja kituoni. "Bwana Mvua, yule mama yako wa kopo, kijiji kimemwitia mkutano. Wanasema amefunga mvua."

Niwaeleze. Kituo kimoja hakiwezi kujua mvua ya wilaya nzima, kwa hiyo vijijini tulikuwa na watu wa kujitolea waliotunza vipimamvua: walimu, masista, makarani. Katika kijiji hicho, ambacho sitakitaja kwa kuwa watu wake bado wapo, kipimamvua kilitunzwa na karani wa ghala la pamba. Alipofariki, mjane wake, Mama Kulwa, mama wa mapacha Kulwa na Doto, aliendelea bila kuombwa. Alikuwa akinunua samaki wa Chato, anawakausha kwa moshi na kuwauzia wachimbaji. Moshi ule ulimfanya awe na macho mekundu. Na katika mikoa yetu hii nyote mnajua macho mekundu ya mama mtu mzima husomwaje, kwamba ni mchawi, na yaliyowapata baadhi yao.

Kwa hiyo nilipopanda lori sikuwa nawaza takwimu za mvua. Nilikuwa nawaza kama nitamkuta.

Nilimkuta. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya ghala la pamba, kanga imefungwa vizuri, mikono mapajani. Kijiji chote kilikuwa kimemzunguka. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa na pinde zao, na kiongozi wao, Mzee Masanja, ambaye walimwita mtemi, alikuwa na filimbi shingoni. Mbele yake walikuwa wameweka kipimamvua changu. Walikuwa wamekichimbua.

"Mwangaluka," nilisema.

"Mwangaluka. Mhola?" waliitikia, wakinijulia hali.

"Mhola duhu." Nikampa Mzee Masanja shikamoo yake, akaipokea, na nikaona hana hasira. Hilo lilinitisha zaidi. Mtu mwenye hasira hupoa.

"Bwana Mvua," alisema, "sisi hatukatai mambo ya serikali. Tunauliza tu. Kopo hili ni lako?"

"Ni la ofisi, mtemi."

"Mvua ikinyesha inaingia humu?"

"Inaingia."

"Basi tueleze. Tuna nafasi. Mashambani hakuna la kufanya."

Nilieleza kama nilivyofundishwa, na nadhani sijawahi kueleza vizuri hivyo. Nilisema mdomo wa mtungi ni mdogo kama sahani, na mvua inanyesha kijiji kizima. Ukiacha karai uani mvua ikalijaza, je, umewanyima majirani? Walinisikiliza kwa utulivu, wengine wakitikisa kichwa kukubali. Nikaanza kupumua.

Ndipo akasimama jirani wa Mama Kulwa, aitwaye Mama Shija, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Mimi nimemwelewa mtaalamu," alisema. "Anasema kopo ni dogo. Na chungu cha watemi wa zamani, kile cha mvua, kilikuwa kikubwa? Kilikuwa kidogo hivihivi!"

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, maana wote walikuwa wameona uzito wa swali. Nami niliuona. Nilikuwa nimewapa hoja ya ukubwa mbele ya watu ambao babu zao waliamini mvua ya nchi nzima inakaa kwenye chungu kimoja kichakani.

"Nina lingine," alisema Mama Shija. "Akishayapima, hayo maji anayapeleka wapi?"

Kwa miaka yote niliyofundisha watu wa kujitolea, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Maelekezo yetu yalisema maji yamwagwe. Hayakusema wapi. Nilimgeukia Mama Kulwa.

"Namwagia mpapai," alisema.

"Mpapai wa nani?" aliuliza Mama Shija.

"Wangu."

Hapo palichafuka. Mipapai yote ya kijiji ilikuwa imekauka mwaka ule isipokuwa mmoja, na kila aliyekuwepo alikuwa ameuona ukining'iniza mapapai yake juu ya ukuta wa Mama Kulwa kama mtu anayejionyesha. "Mnaona?" walipiga kelele. "Mvua ya wote, mpapai wa mmoja!"

"Uko nyuma ya bafu, mayu!" Mama Kulwa alisimama, akamkabili Mama Shija, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nyuma ya bafu! Unakunywa maji ya kuoga! Na wewe ukioga kila siku utakuwa nao!"

Wapo waliocheka mpaka wakaegemeana. Lakini vijana wawili wenye pinde hawakucheka, na mmoja wao alisema wazi kwamba wanapoteza muda, mama huyu atoke kijijini kabla jua halijazama, la sivyo wao hawatawajibika kwa litakalompata usiku. Mama Kulwa aliketi tena. Nilimwona akishika ukingo wa kigoda.

Nilifungua mdomo ili nieleze zaidi, nikaufunga. Nilikuwa na maelezo mengi mazuri, yanayohusu mawingu na bahari na upepo, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali lililoulizwa. Hawakuwa wakiuliza mvua inatoka wapi. Walikuwa wanauliza kama wametendewa haki. Vijana wenzangu, mkisahau yote niliyoandika, hili mlikumbuke: kabla hujajibu, hakikisha ndilo uliloulizwa.

"Mtemi," nilisema, "maji ya kijiji yanapaswa kumwagwa wapi?"

Sidhani kama walitarajia kuulizwa. Mmoja akasema yamwagwe kisimani. Mwingine akasema kisima kile ni cha upande wa juu, sisi wa upande wa chini tumekosa nini? Wa tatu akapendekeza shamba la shule, akaulizwa ana watoto wangapi shuleni. Walibishana kwa bidii, wakasahau kabisa kwamba muda mfupi uliopita walitaka kumfukuza mtu. Mzee Masanja aliwaacha mpaka wakachoka.

"Njia panda," alisema mwishowe. "Pale mbele ya ghala. Pale halimi mtu. Kila asubuhi mayu atapima, na nyumba moja itatoa mtu wa kuona, kwa zamu. Akishasoma, atamwaga njia panda, wote tunaona. Hata chupa ikiwa tupu, ataipindua."

"Nimewapimia miaka yote bila hata asante," alisema Mama Kulwa, "leo mnaniwekea polisi?"

"Si polisi, mayu. Shahidi." Mzee Masanja aliinama kidogo na kupunguza sauti, ila mimi nilikuwa karibu. "Mwenye shahidi kila asubuhi, nani atamgusa?"

Kisha akawageukia wale vijana wawili. "Zamu ya kwanza ni ya nyumba zenu."

Walikirudisha kipimamvua ardhini kwa mikono yao. Nilihakikisha mdomo umekaa sawasawa, kwa sababu kazi ni kazi, nikapima mara mbili. Kwenye lori niliegemeza kichwa dirishani mpaka dereva akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimepona.

Ofisini walisema utaratibu ule haumo kwenye maelekezo. Niliwajibu kwamba wala hauyapingi. Na kituo kile kikawa bora kuliko vyote nilivyosimamia, kwa sababu mtu mmoja akipima peke yake anaweza kuchelewa, lakini akiwa na jirani anayemsubiri njia panda hachelewi. Mashahidi walianza kuinama na kusoma mistari wenyewe. Nilipowatembelea niliwakuta wakibishana kama kawaida, ila ubishi ulikuwa wa aina nyingine: mwaka huu umezidi mwaka juzi au haukuzidi, na upande wa juu unapata zaidi ya upande wa chini au ni wivu tu. Sitawadanganya kwamba niliwageuza. Wengi waliendelea kuamini waliyoyaamini. Lakini Mama Kulwa alilala nyumbani kwake, na hilo ndilo lililokuwa limenipeleka.

Kisha ikaja ile mvua ya mwishoni mwa mwaka tisini na saba. Redio ilitutangazia Elinino, na wapo waliodhani ni jina la mtu na wakataka kujua anaishi wapi. Ilinyesha ikavuka mwaka. Maduara ya wachimbaji yalijaa maji, madaraja yakaondoka, lori la Hasmukh likakwama topeni kwa siku nyingi huku dereva akipika kwenye bodi. Kituoni tufe la kioo lilikaa bure, kadi zikatoka safi. Barabara ilipofunguka nilikimbilia njia ya Nyarugusu, nikiwa na hofu nisiyomwambia mtu: kama ukame ulikuwa kosa la Mama Kulwa, gharika itakuwa kosa la nani?

Nilifika saa tatu ikikaribia. Njia panda palikuwa na kundi la watu chini ya miavuli na magunia, nami nikajipenyeza. Katikati alisimama Mama Kulwa ameshika bilauri. Zamu ilikuwa ya Mama Shija, na alikuwa ameushika mkono wa Mama Kulwa kwa mikono yote miwili.

"Mayu, nakuomba," alikuwa akisema. "Leo usimwage. Njia imeshiba. Mtama wangu umelala chini. Funga kidogo tu, mayu, utamwaga Jumatatu."

Mama Kulwa alimtazama. "Wakati ule mlisema nafunga," alisema, "na nilikuwa sijui kufunga. Leo mnaniomba nifunge. Bado sijajua."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Masanja. Alicheka mpaka filimbi ikaruka kifuani, na wengine wakafuata, na Mama Shija mwenyewe akauachia ule mkono ili ajifute machozi. Maji yakamwagwa. Yalijiunga na maji mengine yaliyokuwa yakipita, na hakuna aliyeweza kusema yapi ni yapi. Nami nilisimama pale nimelowa mpaka soksi, na sikumbuki kama kazini niliwahi kujisikia mwepesi hivyo.

Niliwatembelea tena mwaka huu, kuaga. Mvua ilikuwa imekwisha zamani na joto limerudi, kali, na redioni wanasema si letu peke yetu, ni la dunia. Ubishi umeanza upya, kama mtakavyousikia nyie kwa miaka mingi ijayo. Wajibuni polepole, na msiwaache waondoke hivihivi. Macho ya Mama Kulwa sasa yamechoka, kwa hiyo yeye humimina na shahidi husoma. Nilimwona Mama Shija akiinama mbele ya bilauri tupu, jicho sawa na mstari, amebana pumzi ili asikitie kioo ukungu. Mzee Maganga angempa fyekeo na kazi siku hiyohiyo.

Nilipokuwa napanda lori Mama Shija alinikimbilia na papai kubwa lililofungwa kwenye kanga.

"La Mama Kulwa?" nikauliza.

"La kwangu. Mbegu ndiyo yake." Aliangalia kama dereva anasikia, kisha akasema hata hivyo. "Niliupanda nyuma ya bafu."

Nililila njiani na dereva, kwa kisu chake cha kukatia kamba. Lilikuwa tamu sana.